Mistari 412, bundi wawili

Gede, Kilifi
20 Juni 2025

Ndugu yangu Salehe,

Salamu nyingi, zimfikie na mama hapo Muheza. Sisi hatujambo, kusi inavuma na njia ya msituni ni tope tupu.

Umeniuliza nazigeuzaje sauti za usiku ziwe orodha za ndege, maana nawe unataka kutundika kinasa sauti huko chini ya Usambara. Nitakwambia nilipojikwaa, usije ukajikwaa palepale.

Kwanza saa. AudioMoth, kinasa sauti changu, huipa faili jina kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na sisi tumezitangulia kwa saa tatu. Sikulijua hilo, nikamwandika bundi mdogo wa Sokoke kuwa alilia 15:40, saa tisa alasiri, jua likiwaka! Kumbe ilikuwa jioni, saa kumi na mbili na dakika arobaini, giza linaingia. Ilinibidi nirudi nisahihishe orodha moja moja. Tarehe nazo huhama: faili ya 20250613_211500 (yaani 13 Juni, 21:15 za UTC) kwetu ni saa sita na robo, usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 14. Orodha ya eBird, tovuti ninakopeleka orodha zangu za ndege, ni ya tarehe moja, kwa hiyo usiku wangu mmoja naukata sehemu mbili pale saa sita.

Kazi hasa ni kuhesabu. BirdNET, programu inayotambua ndege kwa sauti, huikatakata rekodi vipande vya sekunde tatu, na kila kipande inachodhani kina ndege hupata mstari wake. Usiku huo wa Ijumaa, kati ya saa tatu na saa nne, ilinipa mistari 412 ya Otus ireneae, yaani bundi huyohuyo wa Sokoke. Nikavaa spika za masikioni, nikafumba macho. Gunk, gunk, gunk, mapigo sawasawa. Mara kwa mbali akaitika mwingine, hafifu, sauti zao zikapandana. Hapo ndipo nilipokuwa na hakika ni wawili. Nikaandika 2, na kwenye maelezo nikaeleza nilivyowapata. Mistari mingine ilikuwa vyura, na mmoja ambao programu iliupa alama ya uhakika ya 0.81 kati ya 1 ulikuwa komba analia. Tangu hapo siandiki jina la ndege ambaye sikumsikia mwenyewe, hata programu iwe na uhakika kiasi gani.

Faili ya kupakia eBird ina safu 19, haina vichwa vya safu, na mwezi hutangulia siku. Hiyo utaizoea.

Ninakusisitizia hesabu kwa sababu bundi huyu makao yake hasa ni msitu wetu wa Arabuko-Sokoke na huko kwenu. Tukiandika mamia mahali penye wawili, atakayesoma ataamini wapo tele, na miti ikikatwa hatashtuka.

Ukipata mtu anayekuja Mombasa, mpe kadi ya kinasa sauti yenye rekodi za usiku wako wa kwanza. Usiisafishe wala usifute kitu. Nataka kumsikia wa kwenu akilia.

Nduguyo,
Charo