Barua ya wazi kwa Bwana PROVED: walimu wanaondoka, muangalie vile shule zinapangwa

Jambo sana Bwana PROVED, mukubwa wa shule zote za upande wetu,

Niko mwalimu wa primere hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Hii maneno tunaisemaka kila siku sisi kwa sisi chini ya muembe ya shule na kwenu haifike, ndiyo nawaandikia mbele ya watu wote.

Walimu wanaondoka. Wakubwa wakiulizwa wanajibu ni mushahara, na kweli mushahara ni kidogo, na wale wenzetu wasiolipwa na Serikali ile ni deni, wapewe haki yao. Lakini kwetu wanaondoka hata wenye kulipwa. Mwenzangu mumoja, mwenye kujua kufundisha hesabu kunishinda, sasa ni pwantere, mwenye kuandika saa za wafanyakazi, kwenye kampuni moja ya madini Kolwezi, na siku ya kuagana hakuniongelea feza, alisema "nimechoka kutumwa kama mutoto".

Muangalie alifanyiwa nini. Siku ya rantre, shule zikifunguliwa mwaka mupya, saa moja asubui, liste ya kalasi imebandikwa kwa mulango ya biro, hakuna mwalimu aliyeulizwa kitu, yeye aliyezoea kutayarisha watoto wa ENAFEP, egzame ya Serikali ya kumaliza primere, anajikuta kalasi ya kwanza, vakasiyo (zamu) ya mangaribi, akienda kwa direktere anaambiwa liste imekwisha kutoka. Hata pa kukaa hakuna sababu sale ya walimu imegeuka kalasi, tangu masomo ya bure ilianza mu Septemba 2019 watoto wamejaa, na ile ni jambo nzuri sana, Katiba yenyewe inaisema mu artikle ya 43, lakini nani aliketi na walimu kuwauliza hii kalasi iliyojaa tuigawanye namna gani?

Huko Marekani profesa Richard Ingersoll alichunguza hii mambo, na mwaka wa 2001 alionyesha kama walimu wengi hawaendi sababu ya pansheni, wanaondoka wangali na nguvu: mushahara ndiyo, lakini pia wakubwa wa shule wasiowasaidia, fujo ya wanafunzi, na kukosa sauti kwenye maamuzi. Nikisoma pale naona shule yetu kabisa.

Bwana PROVED, muagize kila direktere aketi na walimu mbele ya rantre, kalasi na vakasiyo zigawanywe pale, PV, karatasi ya yale yaliyokubaliwa, isainiwe na wote. Na mwalimu akiondoka aulizwe juu ya nini, jibu yake ifike kwa biro yenu, maana leo wanafuta jina tu basi. Hii yote haiombi hata franga moja ya Serikali, na rantre ingali mbele.

Mwalimu wa Katuba, Lubumbashi