Msimvunjie kijana yule kibanda chake: barua kwa waimbaji wa Busia

Wanangu waimbaji wa Busia hii ya Uganda, wa Sofia na wa barabara ya Tororo, na nyinyi mnaorekodi kwenye kile chumba cha nyuma ya soko chenye magodoro ukutani,

Salaam nyingi. Nimeletewa habari kwamba mlikutana juzi jioni mkakubaliana kumwendea kijana anayejaza nyimbo kwenye memori kadi pale steji ya taksi, mkamnyang'anye kompyuta yake na kibanda mkivunje. Aliyenieleza ni mmoja wenu. Msimtafute, alikuja kwa nia njema, na hasira yenu aliieleza vizuri. Mmelipa studio kwa pesa ya mahindi na ya kubeba mizigo mpakani, na kuna mmoja ameuza mbuzi wa mama yake. Wimbo umetoka Ijumaa, Jumatatu umeshaingia kwenye simu za watu, nyimbo ishirini kwa shilingi mia tano, na nyinyi hamjapata hata ya soda. Hasira hiyo naijua, lakini mimi naijua kutoka upande wa pili wa meza.

Wengi wenu mnaniita Mzee Kaseti na hamjawahi kuuliza kwa nini. Kwa miaka kama kumi na saba nilikuwa na kibanda karibu na barabara ya forodha, na kazi yangu ilikuwa kunakili kaseti. Nilikuwa na redio mbili za deki mbilimbili. Kaseti halisi ilitoka kiwandani imevunjwa vijipembe viwili vya juu ili mtu asirekodi juu yake. Mimi niliziba matundu yale kwa karatasi ya pakiti ya sigara, nikabonyeza, kazi ikaendelea. Kaseti tupu ya dakika 90 ilikula nyimbo za watu kumi au kumi na wawili. Nikimaliza, naandika kwa kalamu ubavuni: Mchanganyiko 7, Mchanganyiko 8. Jina la mwimbaji sikuandika. Nafasi ilikuwa ndogo na mteja alikuwa na haraka.

Na zilikwenda mbali. Dunia nzima sasa inasema boda boda, lakini neno hilo lilizaliwa hapa kwetu, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka mpaka huu hadi ule. Kaseti zangu zilivuka kwa baiskeli hizohizo. Wanunuzi wangu wakubwa walikuwa madereva wa malori. Kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa mwaka 2018, dereva aliweza kulala kwenye foleni usiku mbili, tatu, hana la kufanya ila kusikiliza. Wimbo wa mtu wa Lumino ulifika Kigali kabla mwenyewe hajafika Tororo.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hili sijawahi kulisema mbele ya watu.

Siku moja miaka ya tisini alikuja mwanamume kutoka upande wa Majanji, ziwani. Amevaa koti kubwa, gitaa amelifunga kwenye gunia. Alisimama mbele ya kibanda changu bila kununua kitu. Spika yangu ilikuwa ikipiga wimbo wa ndugu aliyekwenda kuvua samaki asirudi, na mke wake akawa anapika kwa sahani mbili kila jioni. Wimbo huo niliupiga kila siku kwa sababu watu walikuwa wanasimama. Yule bwana akaniuliza, "Huyu anayeimba ni nani?" Nikamjibu, "Sijui, ni mtu wa huko vijijini." Akanyamaza mpaka wimbo ukaisha, akasema, "Ni mimi."

Nilidhani atanidai pesa, au atanipiga. Hakufanya hivyo. Aliniambia ameusikia wimbo wake Busia, Tororo, mpaka Mbale, na mwaka mzima hajaitwa kwenye harusi hata moja, wala kwenye arobaini ya mtu. Watu wanaupenda na hawajui wamwite nani. Akasema, "Kunakili umenakili. Jina langu umelitupa wapi?" Kisha akaomba kalamu. Rafuni palikuwa na kaseti kumi na moja zenye wimbo wake. Akaziandika zote kwa mkono wake, jina na kijiji, polepole, kama mtoto anayeandika mtihani. Akashukuru, akaondoka na gunia lake.

Kaseti zile kumi na moja niliziuza wiki hiyohiyo. Sikubakiza hata moja yenye mwandiko wake, na nilizonakili baadaye sikuziandika, nikarudi kwenye Mchanganyiko 9, Mchanganyiko 10. Leo jina lake nimelisahau. Wimbo ninaujua wote, beti kwa beti, na jina la mwenye wimbo limenitoka.

Ndiyo maana nasema mnamwendea mtu siye. Kunakiliwa kwenyewe hakukummaliza yule bwana. Kilichommaliza ni kunakiliwa bila jina, hata msikilizaji aliyempenda akakosa njia ya kumfikia. Hapo ndipo nilipomwibia hasa.

Kwamba kunakili ni kosa kisheria sipingi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 iko wazi: kazi ni yako maisha yako yote, na miaka 50 baada ya kufa kwako ni ya warithi wako. Lakini mkivunja kibanda kimoja, kesho vitafunguliwa vitatu. Marekani walikuwa na mawakili wengi kuliko sisi. Napster ilianza mwaka 1999, watu wakawa wanapeana nyimbo bure kwa intaneti, na mwaka 2001 mahakama ikausimamisha mtandao huo. Ikachipua mingine. Mwaka 2003 makampuni ya muziki yakaanza kuwashtaki wasikilizaji mmoja mmoja, hata wanafunzi, na kupakua bure hakukuisha. Kilichosaidia kupunguza ni pale kuupata wimbo kihalali kulipokuwa rahisi kuliko kuuiba.

Na kwetu bado si rahisi. Mmeambiwa muweke nyimbo kwenye Spotify, ule mtandao wa kusikilizia nyimbo uliofika Uganda mwaka 2021, na wekeni. Ila mjiulize msikilizaji wenu ni nani. Ni mama anayeuza samaki, ni kijana wa boda. Mwaka 2018 serikali ilimtoza shilingi 200 kwa siku ili tu aingie kwenye mitandao ya kijamii, na mwaka 2021 kodi hiyo ikabadilishwa ikawa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Mtu huyo hawezi kusikiliza wimbo kwa intaneti mara kumi kwa siku. Atautaka kwenye kadi, aupige mpaka auchoke, na wa kumwekea ni kijana yuleyule mnayetaka kumvunjia. Mwenye hadhira yenu ni yeye. Kila asubuhi anajua nani kaomba wimbo gani, jambo ambalo hakuna prodyuza wenu analijua.

Kwa hiyo mwendeeni mchana, kwa adabu, na mmpelekee wimbo nyinyi wenyewe.

Mpelekeeni ukiwa umekamilika. Ndani ya faili la wimbo kuna mahali pa kuandika jina la mwimbaji, jina la wimbo, na pa kuweka picha. Nimekaa na mjukuu wangu tukafungua nyimbo zenu kumi na nne. Tatu tu ndizo zilikuwa na jina. Nyingine zinaitwa Track 01, nyingine Audio na tarakimu, na mbili zimeandikwa jina la tovuti iliyoziiba badala ya jina la mwenyewe. Mimi na Mchanganyiko 7 yangu niliwafanyia wengine hivyo, na nyinyi mnajifanyia wenyewe kwa mikono yenu! Jazeni jina, jazeni mji, jazeni namba ya simu ya kazi. Na kwa kuwa maandishi hufutika, jina litajwe ndani ya wimbo, sekunde za mwanzo, kwa sauti yako. Maandishi yakifutwa, sauti itabaki.

Mkubaliane naye pia. Mwambieni ruhusa ya wimbo huu anayo, sharti asikate jina na amwambie mteja ni wa nani. Pengine atakubali kubandika picha yenu ukutani na namba ya mobile money chini yake. Sisemi watu watatuma mamilioni. Lakini enzi yangu, msikilizaji wa Mbale aliyetaka kumpa mwimbaji shilingi mia tano alilazimika kupanda basi. Tangu mwaka 2009 pesa inapita kwa simu. Kinachokosekana ni yeye kujua aitume wapi.

Wazee husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye muziki nimeona vingine. Chema kisichojulikana kiliko hukaa ndani mpaka kioze. Mtazameni Eddy Kenzo mwaka 2014. Wimbo wa Sitya Loss, yaani siogopi hasara, ulitembezwa na watoto wa Ghetto Kids wakicheza vumbini kwenye video. Watu wakarushiana simu kwa simu, nchi kwa nchi, na mwaka 2015 akapokea tuzo ya BET kule Marekani. Vumbi na watoto wanaojua kucheza hata Busia tunavyo. Na kila aliyemrushia mwenzake alijua wimbo ni wa nani.

Lugha nayo ni mtaji wenu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, japo ukiwa Kampala hutadhani. Jose Chameleone alianza kuvuma akiwa Nairobi, na Kiswahili kikampeleka kote huku. Nyinyi mnakiongea tangu mnanyonya, na ng'ambo ya mpaka wanakisikia. Mbona nusu yenu mnaimba kwa Kiingereza cha kuokoteza?

Sasa nirudi kwenye pesa, maana sitaki mtu aseme Mzee Kaseti amewaambia vijana waimbe bure.

Kuna anayenakili kwa kupenda wimbo, na kuna anayepata pesa juu ya mgongo wako. Mama wa samaki ni wa kwanza. Baa inayopiga nyimbo zenu mpaka alfajiri ikiuza bia ni ya pili. Hoteli, redio, na wale wanaouza wimbo wako kama mlio wa simu, hao wote ni wa pili. Huko ndiko pa kudai. Hakimiliki unayo tangu siku wimbo ulipoandikwa au kurekodiwa, lakini ukiusajili kwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, unakuwa na ushahidi. Kuna pia Uganda Performing Rights Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1985, na kazi yake ni kukusanya malipo kutoka kwa wanaopiga nyimbo zenu hadharani. Mtu mmoja mmoja kutoka Busia atachoka njiani. Nendeni kumi pamoja, mkiwa na orodha ya nyimbo zenu.

Na kabla ya kuingia studio, andikeni karatasi moja na prodyuza: wimbo wa nani, biti ya nani, pesa ikija inagawanywa vipi. Sahihi mbili, shahidi mmoja. Nimeona urafiki wa miaka ukifa kwa kukosa karatasi hiyo, siku wimbo ulipopendwa.

Mtangazaji akikuomba kitu kidogo ili apige wimbo wako, usimpe. Najua wanaomba. Mmoja aliwahi kumwomba mpwa wangu elfu hamsini, akampa, wimbo ukapigwa mara moja saa tisa usiku. Pesa hiyo ingelipa spika na jenereta kwa mchana mzima wa siku ya soko, watu wakamwona uso.

Lipo na jambo litakalowauma. Biti nyingi mnazoimbia mmezipakua kwenye YouTube bila kumwuliza aliyezitengeneza, na jina lake mkalikata. Programu iliyowarekodi mmeipata kwa flashi ya rafiki. Mkimvunjia kijana yule kibanda kwa kosa hilo, na cha kwenu atakivunja nani? Anzeni kwa kuandika jina la mwenye biti. Mtafuteni, mwombeni, wengi wao ni vijana kama nyinyi na wanakubali kwa kutajwa tu.

Nami nina ombi. Kaseti zilizobaki kwangu ni thelathini na moja, ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nyimbo zake ni za watu wa hapa, wa Lumino, wa Majanji, wa ng'ambo, na nyingi hazina jina. Deki moja bado inafanya kazi. Jumapili baada ya ibada na baada ya adhuhuri nitaitoa hapa kwangu chini ya mwembe. Njooni, na njooni na wazee wenu wanaosikia vizuri. Wimbo wa mvuvi uko kwenye Mchanganyiko 9, upande wa pili. Mtu wa Majanji akiusikia huenda akamtambua mwenye sauti, na kalamu nitakuwa nayo.

Mzee wenu,
Mzee Kaseti