Mpwa wangu, usimfanye Rosalind aseme "naolewa"

Mpwa wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Tafsiri yako ya As You Like It, tamthilia ya Shakespeare, nimeisoma yote. Nakujibu hadharani kwa kuwa wengine wanaoitafsiri kwa ajili ya jukwaa hukwama palepale ulipokwama wewe: kwenye ile ndoa ya kuigiza msituni Arden, Tendo la 4, Onyesho la 1.

Kumbuka Orlando, kijana anayempenda Rosalind, anatoka wapi. Tangu karne ya 12 washairi wa kusini mwa Ufaransa waliimba mapenzi ya kuabudu kwa mbali: mwanamume humtumikia bibi kama askari amtumikiavyo bwana wake, hukosa usingizi, hukonda, hutunga. Mara nyingi bibi huyo ni mke wa mtu, kwa hiyo ndoa haimo katika hesabu. Mshairi Petrarca wa Italia, aliyeandika kwamba alimwona Laura, bibi wa mashairi yake, mara ya kwanza tarehe 6 Aprili 1327, aliendelea kumtungia hata alipokwisha kufa, na washairi wa Uingereza walikuwa bado wanamwiga Petrarca wakati Shakespeare alipoandika tamthilia hii, yapata mwaka 1599. Shakespeare anamchukua mpenzi wa aina hiyo na kumtaka aoe. Kwa hilo naipenda kuliko vichekesho vyake vingine vyote.

Mashairi ambayo Orlando anayatundika mitini umeyatia vina viwili na mizani 8 kwa 8, yakatoka mazuri mno. Yanapaswa kuchosha. Weka kina kimoja tu, cha jina la Rosalind, mstari baada ya mstari: Hindi, mshindi, pindi, silindi, Rosalindi. Touchstone, yule mchekeshaji, lazima aweze kuyageza papo hapo bila kufikiri. Na mavazi: Rosalind anataja alama za aliyezidiwa na mapenzi, yaani mashavu yaliyobonyea, macho yaliyozama, ndevu zisizotunzwa, kiatu kisichofungwa kamba, kisha anasema Orlando hana hata moja. Mkimchakaza Orlando, maneno hayo yanakufa.

Sasa ndoa yenyewe. Rosalind, aliyejivika uanaume na kujiita Ganymede, Orlando asimtambue, anajifanya Rosalind, na binamu yake Celia anafanywa kasisi. Celia anamuuliza Orlando kama atamtwaa Rosalind awe mke wake. Anajibu kwamba atamtwaa. Rosalind anamkatiza: lini? Sasa hivi, anasema Orlando. Basi, anaambiwa, sema "nakutwaa". Wewe umeandika "nitakuoa" mara zote mbili, na bawaba ya onyesho zima imeng'oka. Katika Uingereza ya wakati ule, hadi sheria ya ndoa ya 1753, watu wawili wakitamkiana kwa wakati uliopo walikuwa wamekwisha oana, hata bila kasisi. Kanisa liliwakemea, lakini ndoa ilishika. Wakitamka kwa wakati ujao, huo ulikuwa uchumba tu, mpaka walale pamoja. Kwa hiyo NITA na NA ndiyo mzaha wenyewe na ndiyo hatari yenyewe. Ndiyo maana Celia anasema hawezi kuyatamka maneno hayo. Mwigizaji wako asite hapo kwa hofu ya kweli, wala asicheke.

Kosa la pili limetokana na lugha yetu. Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na wewe ukamwandikia Rosalind "naolewa nawe, Orlando". Lakini yeye hatendwi. Anatumia kitenzi kilekile alichotumia mwanamume: anamtwaa. Andika "nami nakutwaa wewe, Orlando, uwe mume wangu". Kuoa kuache kabisa katika mistari hii.

Kisha Orlando anaahidi kumpenda milele na siku moja juu. Rosalind anamwambia ataje siku, aondoe milele. Wanaume, anasema, ni Aprili wanapoposa na Desemba wanapooa. Umeiacha miezi kama ilivyo, na msikilizaji wa Dar es Salaam, ambaye Aprili yake ni masika na Desemba yake ni joto, hataona baridi ya mume. Jaribu "mvua za kwanza wanapoposa, kiangazi wanapooa". Maneno yake yanayofuata, kwamba mbingu hubadilika wasichana wakishakuwa wake, yatakuja bila shida.

Baada ya hayo yote Orlando anakwenda kula na mtawala aliye uhamishoni, na hapa uwe mwangalifu. Anaondoka kwa muda wa saa mbili, lakini saa anayoahidi kurudi ni saa nane mchana. Wewe umeandika "saa mbili" kotekote, kana kwamba atarudi kesho asubuhi. Rosalind anairudia saa hiyo mara moja, na Onyesho la 3 linafunguka akiuliza kama saa nane haijapita, na Orlando hayupo. Liandike neno hilo lilelile mara zote tatu, na mara ya tatu Rosalind atazame njia aliyoondokea Orlando kabla ya kulisema.