Wazazi wenzangu, waachieni watoto vigari vyao

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi niongee na wazazi wenzangu na walezi wa vijana hapa Moshi kuhusu mashindano ya vigari vya mbao, vile vidogo vya kuachia kwenye mteremko, havina injini wala betri, vinashuka kwa uzito wake tu. Baadhi yetu tumeanza kuvifanya na vikundi vya vijana na mi navipenda sana, ndo maana naandika mapema kabla mambo hayajaharibika. Kinachoyaharibu ni sisi wazazi. Mtoto anapewa kipande cha mbao Jumamosi hii, Jumamosi ijayo anakuja na gari limenyooka limepigwa vanishi linang'aa, ukimuuliza hapa umetoboaje anamwangalia baba yake. Kwenye mashindano niliyohudhuria majuzi, kikundi sikitaji, gari lililoshinda lilitoka moja kwa moja karakana ya seremala na karibu kila mtu pale alikuwa anajua, afu watoto waliohangaika wenyewe na msasa wakarudisha vigari vyao kwenye mifuko ya rambo bila kusema neno. Iliniuma sana.

Huu mchezo ulianzia Marekani mwaka 1953, kule Manhattan Beach jimbo la California. Don Murphy alikuwa mlezi wa skauti wadogo, na mtoto wake alikuwa na miaka 10, alikuwa bado mdogo kuingia kwenye yale mashindano makubwa ya magari ya mteremko ambayo mtoto anapanda mwenyewe na kuendesha. Murphy akafikiria, basi tufanye kigari kidogo cha mbao ya paina na misumari kama ekseli, mtoto achonge na baba yake. Sasa kuna wanaoshika hapo hapo kwamba baba alikuwepo tangu mwanzo. Ni kweli alikuwepo, lakini kuchonga na baba sio baba kuchonga. Msumeno na keekee mshikie, mtoto wa miaka 9 usimwachie keekee peke yake hata kidogo, lakini umbo la gari, wapi uzito ukae, tairi gani, hayo ni maamuzi yake, na akikosea mwache akosee, ataona mwenyewe gari likigota.

Na maamuzi yenyewe yana akili nyingi kuliko mtu anavyodhani. Sheria ya kawaida ni gari lisizidi gramu 142 hivi na urefu kama sentimita 18, basi. Watoto wengi wanaanza na wazo kwamba kizito ndo kinakimbia, na si uongo sana, kwasababu msuguano na upepo vinakisumbua kizito kidogo kuliko chepesi, kwahiyo wote wanajazia nati na washa mpaka wafike kwenye 142. Halafu magari yote yana uzito sawa na bado moja linaacha mengine, hapo ndo watoto wanaanza kuulizana. Jibu moja ni kwamba uzito ukikaa nyuma, karibu na ekseli ya nyuma, basi pale juu unakuwa umeanzia juu zaidi kwenye mteremko, unashuka kimo kirefu zaidi kabla ya kufika tambarare, na ukishuka zaidi unapata kasi zaidi. Ukizidisha nyuma mno pua inakuwa nyepesi gari linaanza kuyumba. Kwahiyo inabidi ujaribu, utoe washa moja, usogeze, ujaribu tena. Mwalimu wa fizikia anahitaji vipindi vingapi kumweleza mtoto hayo ubaoni?

Kuna binti wa darasa la sita kwenye kikundi chetu nilimwangalia akifanya hii kazi kwenye baraza la sementi. Gari lake lilikuwa linavuta kushoto kila akilisukuma. Akachomoa msumari wa mbele, akauangalia chini ya kichwa pale ambapo kiwandani wanaacha vijikunyanzi vya chuma, akausugua kwa msasa mpaka ukawa laini, akarudisha, bado inavuta. Mwisho akaamua tairi moja ya mbele aipandishe isiguse chini kabisa. Gari likawa linatembea kwa tairi tatu na likanyooka, na tena likawa na kasi zaidi, kwasababu tairi ambayo haizunguki haili nguvu. Kuna mzazi alikuja akataka kumrekebishia hiyo tairi "iliyokosewa"! Nilimzuia mzee wa watu kwa heshima zote. Wenzetu waliokubuhu kwenye huu mchezo wanafanya hivyo hivyo makusudi, na huyu mtoto amefika hapo peke yake kwa kuhangaika.

Vifaa navyo visiwe kisingizio. Nasikia kuna watu wanataka tuagize maboksi ya vifaa kutoka nje ndo tuwe na mashindano ya ukweli, jamani hapana. Mbao yenyewe ni paina, na paina tunayo, kuna mashamba ya miti ya serikali West Kilimanjaro na Rongai, mbao zake zimejaa mjini na seremala yeyote ana vipande vya mabaki anavyowashia moto. Tairi watoto wetu wameshajua siku nyingi kuzikata kwenye kandambili zilizokufa, ila zichorwe kwa bikari zitoke duara kweli, na tundu la katikati liwekewe kipande cha mrija wa kalamu ili msumari usisugue raba. Kulainisha, msiweke mafuta ya cherehani maana yanashika vumbi, paka unga wa penseli laini kwenye msumari. Ule unga mweusi ni grafaiti, madini yale yale yanayowapaka weusi wanaapolo, wale wachimbaji wa tanzanite, wanapotoka mashimoni Mererani, maana tanzanite inakaa kwenye miamba yenye grafaiti. Watoto wakisikia hivyo wanachangamka kweli, madini ya jirani hapo yanakimbiza gari lao. Uzito tumieni nati na washa za gereji, risasi ya kuvulia samaki hapana, ile ni sumu na watoto wanashika afu wanakula.

Waamuzi nao waamue sawasawa. Mbio nzima inaisha chini ya sekunde 4 au 5, tofauti ya wa kwanza na wa pili ni upana wa kidole, jicho la mzee aliyesimama pale mwisho halitoshi. Wekeni simu pembeni irekodi ile ya mwendo wa taratibu. Na njia za ubao ambazo magari yanashukia sambamba hazilingani hata mkizijenga vizuri vipi, kwahiyo kila gari lipite kila njia mara moja ndo mjumlishe, sio kuachia mara moja afu mtu anapewa kombe. Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha kabisa kwa kupimia.

Ombi langu kwa walezi wenzangu wa Pasua, Majengo, Njoro, Kiboriloni na kokote ni hili. Gari lichongwe kikundini, siku mbili tatu za mchana, mbao ibaki hapo hapo isiende nyumbani. Kabla ya kupima uzito mtoto aulizwe maswali mawili tu, uzito umeuweka wapi na kwanini. Akishindwa kujibu gari lake likimbie lakini lisihesabiwe. Na kwa wazazi ambao mikono inawawasha, na najua ni wengi na wana mapenzi mema, tuwawekee mbio zao wenyewe jioni watoto wakishamaliza, walete vanishi zao na keekee zao, washindane wao kwa wao na watoto ndo wawe waamuzi.

Likizo ya Desemba tunafanya hivyo kwetu. Njia yetu ya plywood inafunguka vipande vitatu, inaenea kwenye kirikuu, kikundi kitakachoihitaji tutakiazima, ila mje na watu wanne wa kubeba.

Mlezi wa vijana,
Pasua, Moshi