Mwanangu, usikimbilie dirisha

Mwanangu,

Nasikia umepewa meza kando ya dirisha, orofa ya tisa, hapo Upper Hill. Hongera. Lakini kabla hujaizoea hiyo meza, nataka ujue namna watu walivyoumia ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa kwa bomu, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, Ijumaa ya Agosti 7, 1998. Shuleni mlikaririshwa hesabu tu: waliofariki Nairobi 213, Wamarekani 12 miongoni mwao, majeruhi maelfu. Hesabu haimfundishi mtu pa kujificha.

Vishindo vilikuwa viwili. Mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, lori liliingia nyuma ya ubalozi wa Marekani likitaka kupita kizuizi cha maegesho. Askari wa lango, ambaye hakuwa na bunduki, alikataa kukiinua. Mohamed al-Owhali, mmoja wa washambuliaji waliokuwa lorini, akaruka chini, bastola akiwa ameiacha ndani ya koti lorini, akarusha guruneti ya kishindo. Walinzi wakatawanyika. Mmoja alijaribu kupiga simu, laini ikawa na shughuli. Redio nayo ilikuwa na masafa mamoja, na wakati huo yalikuwa yanatumika. Punde lori likalipuka.

Hapo katikati, kati ya guruneti na lori, ndipo pa kuangalia. Waliokuwa ubalozini, na katika majengo jirani ya Ufundi House na Co-operative Bank, waliacha kazi wakaenda madirishani kuchungulia. Ndivyo tulivyo watu wa Nairobi: kikisikika kishindo, tunakusanyika kwanza ndipo tuulize. Balozi Prudence Bushnell alikuwa juu katika jumba la benki, kwenye mkutano na waziri Joseph Kamotho. Wengi chumbani waliinuka kwenda dirishani. Yeye alichelewa nyuma yao, akapona na majeraha.

Karibu na bomu, wimbi la mlipuko hupita mbio za sauti. Kioo kinakuwa kimeshapasuka sikio halijapata habari, na kioo cha kawaida hakisagiki. Hutoka vipande virefu kama visu, vikielekea usoni. Ndiyo maana wengi walipoteza macho. Halafu majengo pale yalibanana, wimbi likawa linagonga ukuta huu na kurudia ule. Ubalozi wa zege nzito ulibaki umesimama, ndani ukiwa umeharibika. Ufundi House iliporomoka. Kanuni za Wamarekani wenyewe zilitaka takriban mita 30 kati ya jengo na barabara, na hapo hazikuwepo. Tume yao iliyoongozwa na Admirali William Crowe ilikuta pia kwamba hapakuwa na king'ora cha kuwaambia watu walale chini. Kwangu mimi hilo lauma kuliko ukuta, maana king'ora ni bei rahisi.

Basi ukisikia kishindo au risasi nje, lipe dirisha mgongo papo hapo. Shuka sakafuni, tambaa hadi korido ya ndani au nyuma ya nguzo ya zege, funika shingo na uso kwa mikono. Usiinuke kwa kuwa kumenyamaza. Kishindo cha pili huja watu wakidhani mambo yamekwisha. Ukitoka, pita ngazi, si lifti. Ukifukiwa, usipige kelele ovyo, utameza vumbi na kumaliza pumzi: gonga bomba au chuma, nyamaza, gonga tena. Waokoaji husimamisha mashine mara kwa mara wasikilize.

Wenye bunduki ni habari nyingine. Jumba la maduka la Westgate, Septemba 2013, waliuawa watu 67. Hoteli ya Dusit, Januari 2019, mmoja alijilipua kwanza, wenzake wakafuata kwa risasi; wakafa 21. Hapo, kama njia ya nyuma iko wazi, toka. Kama haipo, funga mlango, usogezee kabati, zima taa na mlio wa simu, hata mtetemo. Andikia mtu mmoja ulipo, na usiweke picha mtandaoni.

Al-Owhali, kama unataka kujua, alikuwa akikimbia bomu lilipolipuka, ndiyo maana aliumia mgongoni. Akaenda hospitali kama majeruhi wengine na kuficha risasi na funguo za kufuli la lori chooni. Zilipatikana. Siku chache baadaye alikamatwa, na mwaka 2001 mahakama ya New York ikamfunga maisha.

Jumatatu muulize msimamizi wa jengo mambo mawili. Vioo vimebandikwa filamu ya kuvishika vikipasuka? Na mahali pa kukusanyikia ni wapi? Kuna majengo mjini huwapeleka watu kwenye maegesho karibu na lango, yaani pale pale gari la bomu lingeegeshwa. Ikiwa ndivyo, tafuta pako, nyuma ya jengo jingine. Meza nayo, omba ihamishwe hatua chache kuelekea ukutani.

Mama yako anakusalimu. Anasema ulete ile sufuria yake.

Baba yako