Kuhusu turubai la mchoro wa baba yako lililochanika

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeipokea barua yako pamoja na picha ulizopiga za mchoro wa marehemu baba yako, na ile ya mpasuko nimeitazama mara nyingi kuliko zote. Unasema umekwisha kununua utepe wa gundi na unangoja Jumamosi tu. Nakusihi usiutumie. Mimi niliwahi kuziba tundu kwa utepe wa namna hiyo. Baada ya miaka michache gundi yake iligeuka njano na kupenya ndani ya nyuzi, na nilipoubandua, rangi ya upande wa pili ilipukutika mbele ya macho yangu.

Kwanza chunguza kama rangi iliyo kandokando ya mpasuko imeshika imara. Ikiwa inabanduka, usiulaze mchoro kifudifudi wala usiendelee. Mpelekee fundi wa kuhifadhi michoro. Ikiwa imeshika, ulaze juu ya meza tambarare iliyotandikwa karatasi ya kuokea, kisha utazame mpasuko kwa lenzi. Utaona nyuzi za mtande, yaani za urefu, zimesimama huku, za mshindio, yaani za kukingama, zimejikunja kule, na nyingine zimevutika zikarefuka. Kazi yenyewe hasa ndiyo hiyo. Zirudishe moja moja kwa kibano, wala usikate hata ule uzi unaoonekana kuwa wa ziada, kwa maana mara nyingi ndio unaokuja kuziba pengo. Mpasuko wa urefu wa kidole ulinimalizia jioni nzima, na shingo iliniuma siku mbili.

Usishawishike kulowanisha turubai ili lilainike. Chini ya rangi za mafuta za zamani kwa kawaida huwa kuna gundi ya wanyama, ambayo hufura ikipata maji, turubai likajikunyata na rangi ikainuka.

Kiraka cha kubandika upande wa nyuma kiwe cha kitani au pamba nyepesi kuliko turubai, kipite mpasuko kwa sentimita 2 hivi kila upande, nawe uchomoe nyuzi za pembeni mpaka kingo zibaki na vishada. Kiraka changu cha kwanza nilikikata kwa mkasi, kingo zimenyooka, na hadi leo mwanga ukipiga kutoka ubavuni mraba wake unaonekana upande wa mbele. Kuhusu gundi, mafundi wengi hutumia BEVA 371, aliyoibuni mhifadhi wa michoro Gustav Berger, kwa sababu hushika kwa joto la nyuzi 65 hivi za Selsiasi na huweza kuondolewa baadaye. Gundi nyeupe ya mbao hushika vizuri pia, lakini kuitoa ni balaa.

Palipopotea rangi, jaza chaki iliyochanganywa na gundi, uisawazishe, kisha upake rangi kwa brashi nyembamba kabisa, ndani ya pengo tu. Mkono utakuwasha kuligusa na lile wingu la pembeni lililofifia. Liache, wingu lile alilipaka baba yako.

Kabla ya kuanza, nipigie picha ya upande wa nyuma, taa ikiwa imewekwa ubavuni, nione kama fremu ya ndani ina kabari kwenye pembe zake, yaani vile vipande vidogo vya mbao vinavyogongwa ili kulikaza turubai. Kama zipo, usizigonge mpaka kiraka kikauke kabisa.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.