Kwa rafiki anayetaka kukimbia kama Ikangaa

Dodoma, Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Mbukwa! Barua yako kutoka Mpwapwa nimeipata. Nimefurahi kusikia umejiandikisha marathoni ya Kilimanjaro, na nimefurahi zaidi kwamba umemchagua Juma Ikangaa awe kielelezo chako. Mtoto wa Dodoma, mwanajeshi, mfupi wa umbo, na Mtanzania wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka 1989, kwa saa 2:08:01. Rekodi ile ya njia ya New York haikuvunjwa hadi 2001. Ukiigawa ni dakika 3 na sekunde 2 kwa kila kilomita. Nenda uwanjani ukimbie raundi moja ya mita 400 kwa sekunde 73, uone pumzi inavyokata. Yeye alikimbia umbali wa raundi 105 na nusu kwa mwendo huo.

Ila ulipoandika kwamba utakaa mbele tangu mwanzo kama yeye, hapo nakushika mkono. Kuongoza ndicho watu walichokiona kwake, na ndicho kinachoigwa vibaya. Kwenye marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 1988 alifika mwisho akiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya, akashindwa kwa sekunde 1: 2:08:43 kwa 2:08:44. Kwa mwendo wao wa wastani hiyo ni mita 5 na nusu, haizidi sana urefu wa Hiace. Akarudi 1989, akawa wa pili nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Novemba mwaka uleule akashinda New York. Akarudi tena Boston 1990, akawa wa pili kwa Gelindo Bordin wa Italia. Mimi ninachompendea ni huko kurudi. Mtu harudi hivyo bila mazoezi ya miezi mingi ambayo hakuna anayeyapigia makofi, na hayo ndiyo nataka uyaige.

Sasa njia yako. Boston inaanza kwa kuteremka, milima inakuja baada ya kilomita 25, miguu ikiwa imeshachoka. Moshi nayo inakuhifadhia mlima nusu ya pili: unapanda kuelekea Mweka, kisha unateremka kurudi mjini. Unataka saa 3:30, ambayo ni wastani wa 4:59 kwa kilomita. Nusu ya kwanza kimbia 4:55, usiongeze mwendo hata kama mwili unakuambia unaweza. Andika mkononi kwa kalamu ya wino: kilomita 5, 24:35, kilomita 10, 49:10, nusu, 1:43:44. Hapo zinakubakia 1:46:16 za nusu yenye mlima. Ukiona kilomita 5 umepita chini ya dakika 24, punguza mwendo palepale. Akiba ya sukari iliyo kwenye misuli na ini huliwa haraka sana mwendo unapozidi, na ikiisha kilomita ya 30 hairudishwi na kikombe kimoja cha soda.

Kwa mazoezi, siku ya mbio ndefu toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla jua la huku halijaanza kuchoma. Anza na kilomita 18, ongeza 2 kila wiki, na kila wiki ya nne rudi chini kidogo mwili upumzike. Ya mwisho iwe 32, wiki tatu kabla ya mbio. Siku moja katikati ya wiki tafuta mlima: panda mita 200 mara 8, rudi chini kwa kutembea.

Halafu kuteremka, jambo ambalo wengi hulisahau. Unapoteremka, misuli ya mbele ya paja inafunga breki huku inavutwa, ndiyo maana inauma siku ya pili kuliko siku yenyewe. Kila baada ya siku 10 shuka mteremko wa wastani mita 300, mara 4, baadaye 6. Hatua ziwe fupi na za haraka, goti limelegea kidogo, mguu utue chini ya kiuno. Ukirusha mguu mbele na kutua kwa kisigino, kila hatua unajifunga breki. Njia za mchanga zisikudanganye: ni laini, lakini mbigili hupenya soli nyembamba, basi kagua viatu kila urudipo.

Kinywaji: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu, si vya kurundika. Maji ya kisima yenye magadi usiyatumie, tumbo litalalamika. Kunywa nusu kikombe kila dakika 20 tangu mwanzo, kiu isikutangulie. Zabibu zetu kavu zinafaa, kiganja kimoja kila dakika 45, lakini pamoja na maji. Zikiliwa kavu tumbo linasokota. Jaribu yote mazoezini kwanza. Usiku wa kuamkia mbio kula ugali au wali, maharage yaache.

Ukishafanya mbio ndefu tatu, niandikie muda wa kila kilomita 5, si jumla peke yake. Nikiona ya mwisho imekaribiana na ya kwanza, tutazungumza juu ya kuongeza mwendo.

Nisalimie mama na wadogo zako wote.

Wako akupendaye.